Jibu kwa mleta mada: huyo mwenzako wa kwaya anayechangamka kupita wote

Mleta mada anauliza hivi: mwenzake kwenye kwaya ndiye mchekeshaji wa kikundi, lakini mke wa jamaa amedokeza kwamba mumewe halali usiku na ameanza kutoa maneno ya kukata tamaa. Amfikieje bila kumfanya ajione anahukumiwa kuwa imani yake ni haba? Wengi humu mmejibu "mwombeeni" na "afunge siku tatu". Sina ugomvi na maombi. Ila miaka kadhaa nyuma huyo jamaa nilikuwa mimi, mwalimu wa kwaya ya KKKT hapa Morogoro, kwa hiyo niseme mambo yanavyoonekana ukiwa upande ule.

Mtu wa kanisani mwenye sonona ana mahali pazuri sana pa kujificha. Akiulizwa hali, jibu lipo tayari: "Mungu ni mwema." Nani atambishia? Nilifundisha sauti zote nne, nikapanga safari za uinjilisti, misibani nikawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na kadiri nilivyojituma ndivyo watu walivyosema nimejaa Roho. Usiku nilikuwa naamka saa tisa na usingizi haurudi tena. Mwili ndio uliokuwa unasema kweli: kichwa, mgongo, tumbo kujaa, uchovu usiotoka hata ukilala mchana kutwa. Zahanati wananipima malaria, taifodi na yutiai, narudi nyumbani na mfuko wa dawa. Hakuna aliyeuliza kama bado kuna kitu kinanifurahisha.

Kwa hiyo usimsubiri alie. Tazama kama kile alichokuwa anakipenda kimemtoka. Mimi niliacha kuwasimamisha besi wakikosea. Kwaya ikafurahi, wakasema mwalimu siku hizi kawa mpole. Hali kama hiyo ikimshika mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, wataalamu hawaiiti uchovu tena, wanataka aonwe.

Aliyenifikia ni mzee wa jumuiya yetu, mstaafu wa reli. Hakuja na Biblia mkononi. Alipita Jumamosi akaniomba nikamsaidie kupukuchua mahindi. Tukakaa juu ya magunia, kila mtu na gunzi lake, macho chini, mikono ina kazi. Ukinikalisha kwenye kochi ofisini kwa mchungaji nisingesema neno. Pale mahindini aliniuliza, "Mwalimu, siku hizi unalala?" Nikamjibu Mungu ni mwema. Akapukuchua magunzi mawili matatu kimya, kisha akasema, "Najua ni mwema, mwanangu. Mimi nimeuliza habari ya usingizi."

Nikamwambia. Si yote, ila nilianza. Naye hakunikatiza kwa mstari wa Maandiko wala ushuhuda wa shemeji yake aliyepona. Marafiki wa Ayubu mnawalaumu kila siku, lakini zile siku saba za mwanzo walizokaa naye chini bila kusema neno walifanya kazi njema. Walivyofungua midomo ndipo walipoharibu.

Halafu akauliza lile ambalo watu hulikwepa: "Unawaza kufa?" Wengi mnaogopa kwamba ukiuliza hivyo utampandikizia mtu wazo. Haliko hivyo, na wanaotibu ugonjwa huu wanasema vilevile: kuulizwa waziwazi kunampa mtu nafasi ya kupumua. Jua tu kwamba ana sababu za kunyamaza. Kwa sheria yetu, Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mimbarini kila anayetajwa ni Yuda. Sauti yako ikiwa na mshtuko tu, mlango umefungwa. Akikujibu ndiyo, na hasa akiwa ameshapanga, usimwache peke yake usiku huo. Ndugu wa karibu waondoe nyumbani vitu anavyoweza kujidhuru navyo, naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi yafanyike mkiwa njiani.

Kuhusu imani haba, mpeleke 1 Wafalme 19, ila usimpeleke siku ya kwanza. Eliya ametoka kushinda kule Karmeli, moto umeshuka mbele ya taifa zima, na sura inayofuata yuko chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, Eliya akala, akalala, akaamshwa akala tena. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye sana. Na nyie wanakwaya someni Mithali 25:20, inamlinganisha anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni na anayevua nguo wakati wa baridi. Kumpa jamaa solo zaidi "ili achangamke" ni huko huko. Mpunguzieni zamu.

Kuna mtumishi mmoja, simtaji, alinipaka mafuta akatangaza nina roho ya mauti ya ukoo. Wiki nzima sikuweza kutazama picha ya marehemu babu. Yule mzee alipojua alicheka kidogo, akasema Jumatatu twende kliniki. Watu wakisikia daktari wa akili wanawaza moja kwa moja Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, kumbe hospitali ya rufaa ya mkoa ina kliniki ya afya ya akili na unakaa kwenye benchi kama wagonjwa wengine. Alikaa nami foleni nzima, anasoma gazeti la juzi.

Nilipewa amitriptyline, dawa ya sonona. Mdomo ukawa mkavu, taabu kweli kwa mwalimu wa kwaya, na asubuhi nilikuwa mzito. Nafuu haikuja wiki ya kwanza. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kushika, na wengi huziacha hapo katikati, hasa wakikutana na muumini wa kuwaambia kumeza dawa ni kukosa imani. Muumini huyohuyo ana presha na kidonge chake hakosi. Mwambieni jamaa asiache bila kuzungumza na daktari, na mke wake naye aelezwe hivyo.

Umeuliza pia kama umwambie mchungaji. Muulize mwenyewe kwanza. Kwetu jambo likishaingia kwenye "mahitaji ya maombi" ya jumuiya, ikifika Alhamisi limeshajulikana mpaka kwa muuza mkaa. Akikubali, mwambie mchungaji peke yake, mdomo kwa mdomo, na usiandike chochote kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, hata kama ni kale ka-emoji ka mikono.