Kupandisha kiwanja hakuondoi mafuriko ya mtaa

SWALI: Mhandisi, sisi wenye nyumba 20 wa mtaa mmoja hapa Tabata, Dar es Salaam, tumechanga fedha ili tuuboreshe mtaa wetu, ambao hufurika kila masika. Fundi ametushauri tulaze bomba la plastiki la inchi 8 ndani ya mtaro, tuufukie na kupanga pevingi juu yake, ili mtaa upendeze na magari yapate pa kuegeshwa. Baadhi ya wenzetu wanaona ni afadhali kila mmoja apandishe kiwanja chake kwa kifusi. Tufuate ushauri upi?

JIBU: Msifuate hata mmoja.

Bomba sitalizungumza sana, kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Ikiwa mtaro wenu una upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, nafasi iliyomo ndani ya bomba la inchi 8 haifikii hata sehemu moja ya kumi ya nafasi ya mtaro huo. Mtaro huo unafurika ukiwa wazi. Mkishaubana kiasi hicho, mfuko mmoja wa plastiki na mchanga wa mvua moja vitatosha kuuziba, na safari hii hamtaweza kuingiza koleo kuuzibua.

Kinachonisumbua zaidi ni kifusi, maana takriban kila mtaa ninaoitwa kuukagua nakuta watu wanakiamini kama dawa. Mwenye nyumba anayepandisha kiwanja chake futi tatu na kukizungushia ukuta hapunguzi hata lita moja ya maji yaliyonyesha. Anachofanya ni kuondoa mahali ambapo maji hayo yalikuwa yakitandaa na kuzama ardhini, kisha anayaelekeza kwa jirani. Jirani naye, masika yanayofuata, anaagiza malori yake ya kifusi, na mashindano hayo huendelea mpaka barabara, ambayo hakuna aliyeipandisha, inageuka kuwa mto. Katika mtaa mmoja niliokagua, mama mmoja mtu mzima, aliyejenga kabla ya wenzake wote, sasa ana ngazi tatu za kushuka ili aingie sebuleni mwake. Alama ya maji ukutani ilikuwa juu ya soketi ya umeme. Nyumba yake haikudidimia, wala yeye hakujenga bondeni: majirani zake ndio waliolitengeneza bonde hilo, lori baada ya lori.

Yafaa pia kukumbuka kwamba maji ya Tabata hayaishii Tabata. Hushuka katika bonde la Mto Msimbazi, yakapita Jangwani na kuelekea baharini, na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, yalionyesha jinsi maji ya mitaa mingi yanavyokutana mahali pamoja. Kwa hiyo mtaa unaojivunia kuyaondoa maji yake haraka, bila kujali yanakokwenda, haujaboresha jambo lolote.

Basi fedha zenu zielekezwe wapi? Anzeni juu ya paa. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hivyo mvua ya milimita 50 katika paa la mita za mraba 150 ni lita 7,500, na katika nyumba 20 ni lita 150,000, yaani maboza 15 ya lita 10,000 yanayomwagwa mtaroni kwa pamoja. Kila nyumba ikifunga mifereji ya paa na simtanki la lita 5,000, theluthi mbili ya maji hayo haitafika mtaroni, ilimradi tangi liwe tupu mvua inapoanza. Wengi hulijaza maji ya bomba na kulifunika, kisha wakashangaa kwamba halikuwasaidia chochote. Ua nao usisakafiwe wote. Acheni sehemu ya udongo na miti, maji yapate pa kuzama.

Kisha tembeeni kuufuata mtaro hadi mwisho wake, jambo ambalo naamini hakuna kati yenu aliyewahi kulifanya. Mara nyingi tatizo halipo mbele ya nyumba inayofurika, bali mita 200 chini yake, kwenye kalavati lililojaa mchanga au ukuta wa mtu aliyejenga juu ya njia ya maji. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nao uanzie huko chini na kupanda juu, na mchanga unaotolewa uondoshwe siku hiyo hiyo, kwani ukilundikwa ukingoni mvua ya kwanza huurudisha wote ndani. Mtaro wa barabara ya mtaa si mali yenu hata kama mmechangia saruji yake, hivyo kabla ya kuubadilisha umbo pitieni ofisi ya serikali ya mtaa, na kupitia kwao muwaone wahandisi wa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini.

Nimalizie na hao mafundi, kwani huyo wenu si wa kwanza wala si wa mwisho. Wapo wanaouza pevingi kwa jina la kuzuia mafuriko. Wapo wanaounganisha karo za vyoo na mtaro wa mvua, na kuwashauri wateja wao watapishe choo usiku mvua inaponyesha, ati maji mengi huondoa kila kitu, ilhali uchafu huo unaishia katika ua wa nyumba ya chini na katika kisima chake. Wapo pia wanaochimba mtaro kwa kukadiria kwa macho, bila kupima mteremko hata kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kifaa ambacho hakigharimu fedha ya maana. Fundi yeyote atakayewajia, muulizeni maji yatatokea wapi na mahali hapo pako chini ya mtaa wenu kwa sentimita ngapi. Akiwajibu kwamba maji hujitafutia njia yenyewe, aganeni naye kabla hamjampa malipo ya awali.