Usikate kwa nafasi tupu, kata kwa namba za herufi

Mkuu, umeuliza kwa nini split() ya Python, ile inayokata mstari kila penye nafasi tupu, inakuvurugia orodha ya vituo vya hali ya hewa ya NOAA (shirika la Marekani la bahari na anga), ghcnd-stations.txt: Dodoma inakaa sawa, Dar es Salaam inasogeza safu zote. Faili hizi nazitumia sana kwenye kazi za mvua, na jibu ni kwamba pale nafasi tupu si kitenganishi. Jina "DAR ES SALAAM" lina nafasi ndani yake, na safu ya jimbo kwa vituo vya kwetu iko tupu, kwa hiyo split() inairuka kimyakimya.

Fungua readme yao, yaani faili la maelezo. Inasema latitudo iko herufi ya 13 hadi 20, jina 42 hadi 71. Python inaanza kuhesabu sifuri, basi punguza moja mwanzoni tu, mwisho uache ulivyo (m ni mstari mmoja wa faili):

kituo = m[0:11]
lat = float(m[12:20])
lon = float(m[21:30])
jina = m[41:71].strip()

Strip(), inayoondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho, ifanye baada ya kukata. Ukiufanyia mstari mzima kabla, faili yoyote ambayo safu yake ya kwanza huanza na nafasi tupu itahama yote.

Pandas, maktaba ya Python ya majedwali, ina read_fwf ya kusoma faili za aina hii, nzuri kabisa, ila mpe colspecs (mipaka ya safu) mwenyewe. Usipompa, anabahatisha mipaka kwa kutazama mistari 100 ya kwanza, na jina refu likija mbele zaidi linaweza kukatwa.

Ukifika kwenye faili za .dly, zenye vipimo vya kila siku, ndipo utaona split() haina kazi kabisa. Mstari unaanza hivi: namba ya kituo kama TZ000063894, mwaka, mwezi, kisha aina ya kipimo kama TMAX (joto la juu la siku), vyote vimegandana. Baada ya herufi hizo 21 zinafuata siku 31, kila moja herufi 8: tano za thamani, tatu za alama, na ya pili kati ya hizo tatu ndiyo ya ubora.

for s in range(31):
    p = 21 + s*8
    thamani = int(m[p:p+5])
    ubora = m[p+6]

Februari nayo ina siku 31 humo, zilizozidi zimejazwa -9999. Zitoe kabla ya kugawa kwa 10 (mvua iko kwa sehemu za kumi za milimita, joto vilevile kwa nyuzi), la sivyo utapata wastani wa joto chini ya barafu ya ncha ya kusini. Na ubora ukiwa na herufi yoyote badala ya nafasi tupu, thamani hiyo ilifeli ukaguzi wao. Mimi huwa naiacha nje.