Asilimia ya Mafuta Isikupumbaze Unapochagua Mwani

Juzi mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniandikia akiomba nimtajie mwani mdogo wa maji baridi wenye mafuta mengi kuliko yote, ili autumie kutengenezea biodizeli. Kwa kuwa swali hilohilo liliwahi kunigharimu, nalijibu hapa.

Wengi wangemtajia Botryococcus braunii, ambao mafuta yake huweza kuzidi nusu ya uzito wake mkavu. Hata hivyo, mwani huo hukua polepole mno, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni haidrokaboni, jamii ya mafuta ya petroli, si trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida kama ya kupikia, kwa hiyo hayageuki kuwa biodizeli kwa njia ya kawaida ya methanoli na kichocheo.

Mimi nilichagua Scenedesmus, mwani mdogo wa kijani, niliyoitenga kutoka maji ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Jopo la wafadhili lilininyima fedha kwa madai kwamba mafuta yake ni haba, na mjumbe mmoja alicheka waziwazi mbele ya wenzake, jambo ambalo sijalisahau. Wala hawakutaka kupiga hesabu: mwani wenye mafuta asilimia 25, unaokua kwa gramu 0.4 kwa lita kila siku, hutoa miligramu 100 za mafuta, ilhali wenye asilimia 50, unaokua kwa gramu 0.1, hutoa 50 tu.

Ukiunyima mwani naitrojeni, kirutubisho chake, hujilimbikizia mafuta; kisha ukiupaka Nile Red, rangi inayong'aa ndani ya mafuta, na kuutazama kwa hadubini chini ya mwanga wa buluu, utaona matone ya rangi ya dhahabu yamejaa ndani ya seli. Ni mandhari ya kulevya. Lakini mwani ulionyimwa naitrojeni huacha kuongezeka, kwa hiyo ukuze kwanza, ndipo uunyime. Pima pia aina za asidi za mafuta, maana kiwango cha ubora wa biodizeli cha Ulaya, EN 14214, hakiruhusu asidi ya linoleniki kuzidi asilimia 12.

Vijana wenzangu, acheni kuabudu majina ya mwani yanayosifiwa majaridani. Wamarekani, katika mradi wao wa mafuta ya mwani wa 1978 hadi 1996, walikusanya aina za mwani zaidi ya 3,000, na walipofika kwenye mabwawa ya wazi huko New Mexico, mwani wa kienyeji ukaingia wenyewe na kuwashinda wateule wa maabara. Ndiyo maana nimemwambia mwanafunzi yule achote maji ya bwawa lililo jirani na mahali atakapofugia, na kila aina anayoitenga aijaribu nje juani kabla ya kupima mafuta yake.