Uliza Papa Ndege: Kandege ka Idjwi, njo ka kisiwa kweli?

Jambo wasomaji wa Bukavu na kwingine kote. Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu juu ya tule tundege tudogo twa kahawia tunaojificha mu majani, nikadhani yameisha. Kumbe nilijiletea kazi! Barua zimejaa meza, nimechagua nne, zile zingine mtanisamehe, na yule aliyeniuliza kama kandege haka kakiingia nyumbani kanaleta mugeni, jibu ni kwamba kanaleta uchafu tu.

*

Papa Ndege, jambo sana. Mimi niko mwalimu. Nilikuwa Idjwi kaskazini, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, ju ya matanga ya shangazi yangu, asubuhi mbele ya kupanda bato nikaona kandege kadogo, ka kahawia, kako na mistari mistari mu mugongo, kanapanda juu ya shamba kanaruka sawa vile kanapanda ngazi, kila ngazi kanalia «tsip», kisha kanaanguka mu majani hukaoni tena. Batoto ba pale baliniambia eti kako ka Idjwi tu, huku ng'ambo hakuna, ju kila kisiwa kiko na ndege yake. Njo kweli? — Mwalimu, Kadutu

Pole ya matanga, mwalimu. Hao watoto muwape nusu ya pointi, ju wamesema kitu cha kweli lakini wamekiweka fasi isiyo yake.

Kwa vile ulivyoeleza, ile ngazi ya hewani na «tsip» moja kwa kila ngazi, huyo anafanana kabisa na kidenenda mmoja, ndivyo Waswahili wa pwani wanavyoita jamaa hii, na huyu wataalamu wanamwita *Cisticola juncidis*. Ana gramu 10 hivi, ukimuweka mkononi utafikiri umeshika hewa. Na huyo si wa Idjwi, si wa Kivu, si hata wa Afrika peke yake, anapatikana kusini mwa Ulaya, anapatikana India, anaenda mpaka kaskazini mwa Australia. Hakuna kidenenda hata mmoja aliye wa Idjwi tu.

Sasa kwa nini? Juu kisiwa, kwa ndege, hakipimwi kwa maji kuzunguka, kinapimwa kwa taabu ya kuvuka. Idjwi ni kubwa, tunajua, lakini ncha yake ya kusini iko karibu sana na upande wa Rwanda, na upepo wa ziwa letu nyinyi mnaujua, kandege ka gramu 10 kanaweza kusukumwa ng'ambo hata kama hakakupenda. Wa huku na wa kule wanaendelea kuoana. Na damu ikiendelea kuchanganyika hivyo, hakuna aina mpya inayozaliwa, hata mungoje miaka elfu ngapi.

Mtu akitaka kuona kisiwa kinachozaa ndege yake, aende Socotra. Iko mu Bahari ya Hindi, ni ya Yemen, na kisiwa chenyewe kiko zaidi ya kilometa 200 kutoka Pembe ya Afrika. Pale kuna tundege tuwili twa jamaa hii ambao hawako fasi ingine yoyote duniani. Wa kwanza ni kidenenda wa Socotra, *Cisticola haesitatus*, anayependa majani na vichaka vifupi, hasa kwenye tambarare za karibu na bahari. Wa pili anaitwa *Incana incana*, huyo ni wa vichaka vikavu, na amekaa peke yake muda mrefu mpaka wataalamu wamempa jenasi ya peke yake, yaani hana ndugu, hana binamu wa kushiriki naye jina. Wote wawili waliandikwa, yaani walielezwa na kupewa jina la kitaalamu mara ya kwanza, mwaka 1881 na wataalamu wa ndege Sclater na Hartlaub, kutokana na ndege waliokusanywa na Balfour aliyefika kisiwani mwaka 1880.

Lakini yule anayenifurahisha zaidi ni wa Madagaska, *Cisticola cherina*. Ni jamaa wa karibu sana wa huyu wako wa «tsip». Ina maana zamani sana babu yake alivuka maji, akafika, akabaki, akabadilika kidogo kidogo. Na tabia ya kuvuka haikuisha, juu leo wako pia Cosmoledo na Astove, visiwa vidogo vya matumbawe vya Shelisheli huko kaskazini ya Madagaska. Umbali ule unatosha kutenganisha lakini hautoshi kuzuia kabisa, hapo njo siri yote iko.

Na sasa mwalimu, nakupa kitu cha kupeleka mu darasa. Kama unataka kuona ndege ya kisiwa bila kupanda bato, geuza shingo, acha kuangalia ziwa, angalia mulima. Kule juu Kahuzi-Biega, ukipita meta 2000, kuna vinamasi vya majani marefu katikati ya pori. Ndani yake anakaa kandege kengine ka kahawia, *Bradypterus graueri*, amepewa jina la Grauer, Muotrishi aliyezunguka huku kwetu, na aliandikwa mwaka 1908. Huyu anaishi mu vinamasi vya milimani tu, vya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, basi. Hapendi msitu, hapendi shamba. Kwake yeye kinamasi njo nchi kavu, na pori lote linalokizunguka njo bahari. Kinamasi kimoja kikikaushwa ili watu walime, ni kisiwa kimezama. Mimi nilisimama pale siku moja kuanzia saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, mabuti yamejaa maji, nikamsikia karibu saa nzima, kumuona nilimuona mukia.

*

Papa Ndege, mimi ni mwana wa Bukavu lakini nasoma bayolojia huku Lubumbashi. Prof anasema «fauvette», buku ya maktaba inasema familia ya Sylviidae, telefone yangu inasema Cisticolidae, na rafiki mmoja ananiambia Locustellidae. Egzame ni wiki ijayo. Nani anadanganya? — Mwanafunzi aliyechoka, Lubumbashi

Hakuna anayedanganya, mwanangu, buku imezeeka tu.

Sylviidae ya zamani ilikuwa kama ile malata ya mama iliyo chini ya kitanda, kila kitu kisichojulikana pa kukiweka kinatupwa mule. Ndege akiwa mdogo, rangi ya udongo, mdomo mwembamba wa kula wadudu, na anaimba, basi, Sylviidae. Kisha watu wakaanza kusoma ADN (DNA), na mwaka 2006 kazi ya mtaalamu wa ndege Alström na wenzake ikaonyesha wazi kwamba mule ndani kuna familia ambazo hata hazihusiani kwa karibu, wamefanana tu juu kazi yao ni moja, kama vile mafundi wa garaje wote wanafanana nguo. Wakafungua malata. Videnenda wakaenda Cisticolidae. Ndege wa matete wakaenda Acrocephalidae. Wale wa kutambaa mu vinamasi na majani mazito, pamoja na yule wangu wa Kahuzi, wakaenda Locustellidae, kwa hiyo rafiki yako naye hakukosea, inategemea ni kandege gani mulikuwa munaongelea. «Fauvette» ni jina la sura tu, mwache prof nalo, lakini mu egzame andika familia.

Kuhusu videnenda wenyewe. Jenasi ya *Cisticola* iko na aina 50 hivi, karibu wote ni wa Afrika, na macho peke yake yatakudanganya kila siku. Mwenye kuwapanga vizuri mara ya kwanza alikuwa Muingereza mmoja, Hubert Lynes, mwanajeshi mkubwa wa majini, fikiri kidogo, admirali mzima anapiga magoti mu majani kufuata kandege ka gramu 10, akatoa kazi yake kubwa mwaka 1930, na mwaka 1933 na 1934 alizunguka hata kusini mwa Kongo, upande huo huo wako. Yeye aliona kwamba ufunguo ni sauti. Njo maana wengi majina yao ni ya sauti tu, huyu anapiga mluzi, huyu analalamika, huyu anakoroma, huyu anatoa mapovu.

Na sauti zinaendelea kuwagawanya. *Cisticola galactotes* alikuwa aina moja kubwa ya majani ya kandokando ya maji, leo wamemkata mara tano: mmoja wa Ethiopia, mmoja wa pwani ya mashariki, mmoja wa kusini aliyebaki na jina la zamani, mmoja anayeenda mbali mpaka Afrika ya magharibi, na mmoja anaitwa *Cisticola luapula*. Luapula, umesoma vizuri. Uko karibu naye kuliko mimi, na umekaa mu chumba unalalamika! Siku ya pumziko toka, tafuta kinamasi, beba jumeli kama unayo, na kama hauna beba masikio.

*

Jambo Papa. Batoto bangu baliniletea kanyumba ka ndege balikapata mu majani nyuma ya nyumba, kako sawa vile kachupa kadogo, laini, kameshonwa na kama uzi mweupe. Ndani hakuna kitu. Uzi huo ndege imetosha wapi? — Mama wa Bagira

Kwa buibui, Mama. Dume la kidenenda linachukua utando wa buibui linavuta majani mabichi linayafunga pamoja mpaka yanakuwa kachupa, kisha jike likipenda kazi linaingia linatandika ndani vitu laini. Na jike likikataa, dume linaanza ingine, inawezekana hiyo ya watoto wako ilikuwa mojawapo ya zile zilizokataliwa, kwa hiyo usiwapige. Ila siku ingine wakikuta mayai ndani waache, na majani ya pale yasikatwe karibu mwezi mmoja, mayai yanalaliwa siku 12 hivi na watoto wanakaa ndani kama wiki mbili tu.

*

Papa Ndege, unasemaka kila mara ndege za visiwa zinaisha upesi. Kwa nini? Na mbona hatuwezi kuleta moja hapa Idjwi tuifuge, kisiwa si kisiwa? — Kijana wa Nguba

Umeuliza mawili, nianze na lile la kuhuzunisha.

Ndege akikaa karne na karne mu kisiwa bila panya, bila paka, anasahau kuogopa, na anapunguza mayai, juu fasi ni ndogo na hakuna haja ya watoto wengi. Siku panya anashuka kwenye bato, kwisha. Aldabra, huko huko Shelisheli, kandege *Nesillas aldabrana* kaligunduliwa mwaka 1967, kakaishi mu ukanda mdogo wa vichaka vizito vya pwani, pamoja na panya, paka na mbuzi walioletwa na watu. Mara ya mwisho kuonekana ni 1983. Mwaka 1994 wakatangaza kwamba hakuna tena. Yaani dunia ilikajua miaka 16 tu! Ndugu zake wa Komoro bado wapo, kule Ngazija, Anjouan na Moheli, kila kisiwa na wake.

Ingine ni ya sungura. Kisiwa cha Laysan, mu Hawaii, mtu alipeleka sungura mwaka 1903 akitaka kuwafuga kwa biashara ya nyama. Sungura wakakula majani, wakakula vichaka, wakakula mpaka mchanga ukabaki wazi, na mwaka 1923 meli ya utafiti iliyoitwa Tanager ilipofika, kandege ka Laysan, ka jamaa ya wale wa matete, kalikuwa kameisha. Lakini angalia mambo, safari ile ile, mwaka ule ule, wakapita Nihoa, kajiwe ka kisiwa kasikofika kilometa mraba moja, wakakuta ndugu yake hai! Miaka karibu 90 baadaye wakasema basi tumrudishe. Wakabeba 24 mwaka 2011, wakaongeza 26 mwaka 2012, kwa meli, zaidi ya kilometa 1000 za bahari, wakihudumiwa kama wagonjwa. Laysan ikaimba tena.

Na ya Shelisheli ndiyo naipenda kuliko zote. *Acrocephalus sechellensis*, jamaa ya matete lakini yeye anakaa mtini, anaokota wadudu chini ya majani. Mwaka 1968 walibaki 26 hivi, wote mu kisiwa kimoja, Cousin, ambacho kilikuwa shamba la minazi. Kisiwa kikanunuliwa mwaka huo huo ili kiwe hifadhi, minazi ikapunguzwa, miti ya kienyeji ikarudi, ndege wakajaa. Wakajaa mpaka vijana wakakosa fasi ya kuoa, hasa mabinti, wakabaki kwa wazazi wanawasaidia kulisha wadogo zao. Si kama Bukavu kweli, na bei ya kiwanja ya leo? Basi wakawahamisha: 29 wakaenda Aride mwaka 1988, 29 Cousine mwaka 1990, 58 Denis mwaka 2004, na 59 Frégate mwaka 2011. Pale walipofika na kukuta fasi wazi, wakaanza kuzaa kama hawana akili nzuri, leo wamepita elfu kadhaa.

Sasa lile la pili, la kuleta mmoja Idjwi. Kijana wangu, vile visiwa walivyopelekwa vilichaguliwa juu havina panya wala paka, na Idjwi, wewe unajua vizuri kuliko mimi, mu gala ya mahindi panya njo wenye nyumba. Huyo mgeni angelala usiku mmoja. Tena Idjwi tayari iko na tundege twake twa «tsip», muulize mwalimu wa Kadutu, atakuonyesha ni shamba gani, ila umulipie bato.