Fundi wa Meli Anajibu: Tumbo la feri halina bei moja

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu ni wazamiaji hapa Port Bell, tuna kampuni ndogo iliyosajiliwa. Ofisi moja ya serikali imetangaza zabuni ya kukagua, kusafisha na kutengeneza tumbo la feri ikiwa majini, na inataka bei moja kwa yote. Tuandike ngapi?
Msomaji, Luzira

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msiandike chochote kwanza.

Matengenezo yatapangiwaje bei kabla chuma hakijapimwa? Bamba lililowekwa likiwa na unene wa milimita 10 laweza kuwa limebaki na 9 au 6, na rangi inaficha yote mawili. Ombeni ufafanuzi kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho wa maswali. Taratibu za PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma hapa Uganda, zinaruhusu, na jibu hupelekwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza. Ombeni kazi igawanywe: ukaguzi ulipwe kwa kila kipimo cha unene, usafishaji kwa mita ya mraba, matengenezo yasubiri ripoti.

Hapo kwenye ripoti ndipo roho yangu ilipo. Nimesoma ripoti zilizoandika "hali nzuri" kurasa nzima bila namba hata moja, na feri ikaendelea kubeba watu. Maji ya Port Bell ni machafu, kamera haioni mbali. Kwa hiyo fuateni mataruma, yaani mbavu za feri, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), pimeni kwa chombo cha mawimbi ya sauti, na kila namba iandikwe na mahali pake, ili mkaguzi wa mwaka ujao apime palepale.

Tazameni pia anodi, vile vipande vya metali vinavyofungwa kwenye tumbo ili viliwe na kutu badala ya chuma cha feri. Hati nyingi hunakiliwa kutoka kazi za baharini na kudai za zinki. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama ya ziwa letu la Victoria, zinki hujifunika utando na kuacha kukilinda chuma. Magnesiamu ndiyo inayofaa. Semeni hivyo katika barua yenu, kwa heshima lakini waziwazi.

Kuchomelea chini ya maji msikuahidi kama tiba ya kudumu. Maji hupoza chuma haraka mno na kiungo huwa chepesi kupasuka. Bamba lililokonda linataka chelezo, feri ikiwa imetolewa majini.

Usalama uwe na bei yake: mzamiaji wa akiba, hewa inayotoka juu, na kibali kilichotiwa sahihi na nahodha na injinia kwamba injini zimefungwa na panga boi halitazunguka. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, basi majedwali ya kuzamia ya baharini, yale ya kina na muda wa kukaa chini, lazima yarekebishwe, hata kwa kina kifupi cha chini ya feri.

Mwisho, wekeni bei ya siku ya kusubiri. Gugu maji likiziba gati, au feri ikiitwa kubeba abiria mkiwa tayari mmevaa, mishahara na kompresa ya kukodi vinaendelea kudai.