Redio za TETRA zilizotumika zinagoma kujisajili

Ndugu, nimekuelewa: redio za upepo za TETRA (mfumo wa kidijitali wa mawasiliano ya redio) ulizoagiza Ulaya kwa ajili ya walinzi wako wa Kirumba na Igoma, Mwanza, zinawaka vizuri, ila mtandao unaolipia unazikataa. Betri na antena ziache kwanza, kagua namba.

Utambulisho wa redio ya TETRA una sehemu 3. Kwanza namba ya nchi, inayotolewa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Ya Tanzania ni 640. Kisha namba ya mtandao, inayotoka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi, yaani TCRA. Mwisho namba ya redio yenyewe, na hiyo hupangwa na mwenye mtandao. Zako huenda bado zimebeba namba za huko zilikotoka, kwa hiyo zinausikia mnara na kuupita.

Mpelekee mwendeshaji wa mtandao azipange upya na kuziingiza kwenye orodha yake. Muulize pia kama masafa ya mtandao wake yamo ndani ya masafa ya redio zako. Yasipokuwemo, hakuna namba itakayosaidia.

Nakusihi, fundi asikunakilie namba ya redio inayofanya kazi. Redio mbili zenye namba moja huuchanganya mtandao, na mlinzi akiomba msaada usiku anaweza asisikike. Ukitaka mtandao wako mwenyewe, anzia TCRA kwa leseni kabla hujanunua chochote.