Albamu ya Free Jazz: walikuwa wakisikilizana, ila uwape masikio yote mawili

Ndugu yangu uliyeuliza kama wale wanamuziki wanane wa albamu ya Free Jazz walikuwa wakisikilizana au kila mmoja alikuwa akipiga lake, nakujibu kama mtu aliyeisikiliza vibaya kwa miezi kadhaa.

Nilianza kuisikiliza ndani ya daladala, kwa visikizio ambavyo upande wa kulia ulikuwa umekufa. Kumbe nilikuwa nasikia nusu ya bendi. Ornette Coleman, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, aliporekodi kazi hii mjini New York, tarehe 21 Desemba 1960, alikusanya vikundi viwili vya watu wannewanne vikapiga kwa wakati mmoja, na katika rekodi ya stirio kila kikundi kikawekwa upande wake. Kushoto yupo Coleman mwenyewe na saksafoni ya alto, Don Cherry na tarumbeta yake ndogo, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye dramu. Kulia wapo Eric Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi na Ed Blackwell kwenye dramu. Kwa hiyo Dolphy, ambaye ndiye anayefungua zamu za solo, kwangu alikuwa kama hayupo: nilisikia besi na dramu zikikimbia, na mara mojamoja saksafoni ikidakia neno kisha ikanyamaza, nami nikadhani mpigaji amechoka. Nilipopata visikizio vizima ndipo nikaelewa kwamba yale madakio yalikuwa majibu.

Wala si kweli kwamba hawakupanga chochote. Kabla ya solo, wapulizaji huingia pamoja kwa kipande kifupi, kama wanaomkaribisha mtu jukwaani, kisha mwenye zamu hubaki mbele na wengine huwa huru kumchokoza au kumwacha. Kisichokuwepo ni mfuatano uliopangwa wa kodi (yaani noti kadhaa zinazolia pamoja) wa kuwaongoza, na hapo ndipo kazi ya kusikilizana inapokuwa nzito, kwa sababu njia hupatikana kwa kumfuata mwenzako tu.

Mimi hupenda zaidi mabesi. LaFaro hupanda juu na kukimbia, ilhali Haden hukaa chini na kushikilia ardhi, hata ukiwa umefumba macho huwezi kuwachanganya. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari Julai 1961, akiwa na miaka 25. Hubbard naye, kwa sikio langu, ni mgeni aliyekuja na desturi za kwao: hupiga vizuri sana, lakini bado anatafuta kodi ambazo hazipo. Na zipo dakika chache ambapo hakuna anayempisha mwenzake, hizo sizitetei.

Faili lako likiwa na vipande viwili, usidhani kuna kilichopotea, kwani muziki wote ni takriban dakika 37 na santuri ya 1961 ililazimika kuukata katikati ili ugeuze upande. Anza na solo ya Dolphy: isikilize kwa sikio la kulia peke yake, kisha irudie kwa yote mawili. Ila kama simu yako imewekwa ichanganye pande zote kuwa sauti moja, ondoa mpangilio huo kwanza.